"Wewe tujengee tu": dhana potofu ninazozisikia kwa wateja wa programu

Nimechoka kulisikia hili kwa viongozi wa SACCO, wa Kampala kwa wa Mbarara: "Wewe tujengee tu. Tukitumia vibaya, lawama ni zetu." Huja baada ya ombi lilelile: mwenyekiti awe na njia ya kubadilisha salio la mwanachama bila kuacha alama kwenye kumbukumbu za mfumo. Eti kurekebisha makosa ya karani.

Kosa la karani halifutwi. Akiingiza shilingi 500,000 badala ya 50,000, unapitisha muamala wa kuutengua ule wa kwanza, kisha unaingiza ulio sahihi. Yote mitatu inabaki, na saa na jina la aliyeifanya. Wahasibu walifanya hivyo kwenye daftari za karatasi, zamani kabla yetu. Anayetaka kubadilisha kimyakimya ana sababu nyingine, na sote tunaijua.

Na fundi hasalimiki kwa kusema alitumwa. Mwaka 2015 ilifichuka kwamba magari ya dizeli ya Volkswagen, kama milioni 11 duniani, yalikuwa na programu iliyotambua gari linapopimwa moshi na kulifanya lionekane safi. James Liang alikuwa mhandisi, si mwenye kampuni. Agosti 2017 mahakama ya Detroit ilimfunga miezi 40. Ushauri wangu kwa vijana: mwambie mteja ombi hilo aliandike kwa barua pepe, aweke na jina lake. Wengi hunyamaza hapo hapo.

"Jaribia mfumo kwa namba halisi za wateja, ni data zetu." Si zenu. Uganda ina sheria ya ulinzi wa data na faragha tangu 2019, na mtu alitoa namba yake ili aweke akiba, si ili ikae kwenye laptopu ya fundi. Tunga namba za uongo.

"Msimbo ulio wazi mtandaoni ni wa bure." Maandishi hayo ya programu ni bure kwa masharti. Leseni ya MIT inataka ubakize ilani ya hakimiliki. GPL, leseni nyingine, inataka unayemgawia programu aweze kupata na msimbo wake. Zisomeni, jamani, ya MIT haijazi hata ukurasa.

"Imefika asilimia 90." Huu sasa ni uongo wetu mafundi. Mwonyeshe mteja kinachofanya kazi leo, na kisichofanya kazi mwandikie. Kitufe cha kulipa kwa simu ambacho nyuma yake hakuna kitu kisionekane kabisa siku ya maonyesho.