Je, wajua kwa nini ini hubaki na mafuta hata baada ya homa ya ini C kupona?

Mgonjwa wa homa ya ini C aliyeambiwa pia kwamba ini lake lina mafuta hutarajia kuwa virusi vikiisha, mafuta nayo yataisha. Kwa baadhi ndivyo inavyokuwa, lakini kwa wengine virusi huondoka na mafuta yakabaki, kwa sababu mafuta hayo huwa na vyanzo viwili na dawa ya virusi hutibu kimoja tu.

Chanzo cha kwanza ni virusi vyenyewe, vilivyogunduliwa mwaka 1989. Ini husafirisha mafuta kwenda kwenye damu yakiwa ndani ya chembe maalumu. Virusi hivi huvuruga usafirishaji huo, na mafuta yaliyopaswa kutoka hurundikana ndani ya seli. Kati ya aina zake za kijenetiki, aina ya 3 ndiyo inayofanya hivyo zaidi, kiasi kwamba mtu mwembamba kabisa anaweza kukutwa na ini lenye mafuta, na akishapona virusi mafuta hayo hupungua sana. Kwa aina nyingine, ikiwemo ya 4 iliyoenea Misri na Afrika ya Kati, mafuta kwa kawaida hutokana zaidi na chanzo cha pili, yaani kitambi, kisukari na mwili kutoitikia ipasavyo insulini, homoni inayodhibiti sukari kwenye damu.

Mambo haya mawili yakikutana, ini hupata makovu haraka zaidi. Kwa hiyo si sahihi kumwambia mgonjwa apunguze uzito kwanza ndipo aanze dawa. Vidonge vya sofosbuvir na daclatasvir, ambavyo kwa kawaida humezwa kwa wiki 12, huponya zaidi ya asilimia 95 ya wagonjwa. Kabla ya kuvianza ni lazima kupima homa ya ini B, kwani virusi vya B vinaweza kuamka wakati vya C vinapoondoka. Na anayetumia dawa ya kifua kikuu yenye rifampisini amweleze daktari, kwa kuwa hudhoofisha vidonge hivyo.

Mafuta ya chanzo cha pili huondolewa kwa kupunguza uzito taratibu. Mtu mnene wa kilo 90 akipunguza kilo 4 na nusu, mafuta ya ini huanza kushuka. Akifikia kupunguza kilo 7 hadi 9, hata kuvimba kwa ini kunakoletwa na mafuta hayo hupungua. Kwetu Mwanza chakula cha kufanikisha jambo hili kipo: dagaa wakavu wa soko la Mwaloni Kirumba, walioloweshwa, wakaoshwa mchanga na kupikwa kwa nyanya na vitunguu, au sato wa kuchemsha, pamoja na mboga nyingi na ugali wa kiasi. Samaki hana kosa. Kinachoumiza ni kumkaanga kwenye mafuta mengi, ugali unaojaza sahani na soda ya kushushia, kwa sababu ini hugeuza sukari ya soda kuwa mafuta. Pombe iachwe kabisa, iwe bia au gongo. Vivyo hivyo dawa za mitishamba zinazouzwa kwa jina la kusafisha ini: hazijathibitishwa kuondoa virusi wala mafuta, na baadhi ya mitishamba huliumiza ini lenyewe, jambo ambalo wauzaji hawalisemi.

Wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wana la ziada. Mayai ya kichocho cha tumbo hukwama katika mishipa midogo ya damu ndani ya ini na kuacha makovu, hivyo mvuvi, au mtu aliyezoea kuoga na kufua ziwani, amweleze daktari ili apimwe na kupewa prazikwanteli, dawa ya kichocho, ikihitajika. Vinginevyo makovu ya kichocho yanaweza kudhaniwa kuwa ya virusi au ya mafuta.

Wiki 12 baada ya kumaliza vidonge, kipimo cha kuthibitisha kupona ni kile kinachotafuta virusi vyenyewe kwenye damu. Kipimo cha haraka cha kingamwili kwa kawaida huendelea kuonyesha alama hata kwa aliyepona, na wapo wanaotishika bure kwa hilo. Kingamwili hizo hazimkingi mtu asiambukizwe tena, hivyo wembe na mashine ya kukatia kucha visichangiwe, ingawa kula sahani moja na familia hakuna tatizo. Ambaye ini lake lilikwishafikia sirosisi, yaani kujaa makovu, huendelea kupimwa kwa altrasaundi kila baada ya miezi 6, hata kama virusi vimekwisha, kwa kuwa hatari ya saratani ya ini hupungua lakini haiondoki.