Inchi Mbili Zaidi Hazitakusaidia

"Gari limeinuliwa inchi mbili, tairi bado linakwaruza, kwa hiyo tuongeze nyingine mbili." Maneno haya nimeyasikia mara nyingi mno kwa watu waliofunga matairi makubwa kuliko yaliyokuja na gari. Naandika jibu mara moja, atakayekuja nayo tena nimpe asome huku mimi naendelea na kazi.

Kuinua gari kwa springi kunaongeza nafasi kati ya tairi na madigadi gari likiwa limesimama. Basi. Ukitumbukia shimoni, springi inabonyea mpaka ekseli au mkono wa chini unaoshika gurudumu ugonge stopa, yaani kizuizi kinachokomesha mwendo wa kupanda, na hapo tairi limefika palepale lilipokuwa likifika kabla hujatoa hela yako. Springi ndefu haisogezi mwisho huo. Stopa ndefu ndiyo inayousogeza, nayo ni kitu cha bei ndogo ambacho hakuna anayekipiga picha. Kuinua bodi juu ya chesisi ni habari nyingine kabisa, maana bodi inahama na nafasi inabaki hata springi ikibonyea, ila hapo kuna shafti ya usukani, hozi na nyaya za kufuatilia. Siingii huko leo.

Swali la kwanza ni tairi linagusa wapi, na lini. Ukimuuliza mwenye gari, anajibu "mbele". Paka chaki ukingo wa tairi, kata usukani hadi mwisho kulia na kushoto, endesha polepole mbele kisha rivasi, ukishika breki pande zote mbili. Ukifunga breki ukienda mbele, busha (mipira ya viungo vya sasipensheni) zinabonyea na gurudumu linarudi nyuma kidogo. Ukifunga ukiwa rivasi, linasogea mbele. Ndiyo maana gari lisilogusa kitu karakana linaanza kelele barabarani. Kisha toa springi, pandisha gurudumu kwa jeki mpaka kwenye stopa, na uzungushe usukani likiwa huko juu. Kazi hii inachosha, lakini ndiyo inayokuonyesha ukweli.

Sasa hesabu. Tairi la 265/65R17 lina kipenyo cha takriban milimita 776. La 285/70R17 lina takriban 831. Limeongezeka kama milimita 27 kwenda mbele na 27 kwenda nyuma, na upana umeongezeka milimita 10 kila upande. Hizo 27 za nyuma ndizo zinazokula plastiki ya ndani ya madigadi na kugonga maunti ya bodi, pale bodi inapofungwa kwenye chesisi. Kuinua hakuzipunguzi hata moja.

Halafu kuna rimu, na hapa ndipo ninapopandwa na hasira. Tairi likigusa mkono wa juu au stabilaiza, rimu yenye ofseti ndogo (umbali wa uso unaofungwa kwenye habu kutoka katikati ya upana wa rimu) au spesa (bati nene la kuweka kati ya rimu na habu) inasaidia kweli, kwa sababu inalitoa tairi nje. Lakini watu wanaiweka kama dawa ya kila kitu. Ukitoka ofseti 30 kwenda 0, upana wa rimu ukiwa uleule, tairi limehama milimita 30 mbali na mhimili linakozungukia usukani unapokatwa. Ni kama mlango: kadiri ukingo ulivyo mbali na bawaba, ndivyo unavyofagia eneo kubwa. Kwa hiyo ulikuwa na mkwaruzo wa ndani, sasa una mkwaruzo wa nje: kona ya bampa mbele na ukingo wa madigadi nyuma. Kisha unaniambia gari linahitaji kuinuliwa zaidi!

Jambo lingine ni kasta, yaani mlalo wa kwenda nyuma wa mhimili ambao gurudumu linazungukia usukani unapokatwa. Gari lenye sasipensheni huru mbele, kila gurudumu na mikono yake, likiinuliwa, kasta kwa kawaida hupungua, na fundi wa alaimenti huirudisha mpaka namba zisome kijani kwenye skrini. Namba hiyo ina njia zaidi ya moja ya kupatikana. Akisukuma mkono wa chini mbele kwa bolti zake za kurekebishia, gurudumu lote linasogea mbele, mbali na maunti ya bodi. Akiipata kwa mkono wa juu wa kununua, unaovuta jointi ya juu nyuma, kasta inasoma vilevile lakini gurudumu limebaki lilipokuwa, pengine limerudi nyuma kidogo. Skrini haitofautishi. Mwambie kabla hajaanza: mkono wa chini kwanza, mbele kadiri inavyowezekana bila kuharibu kemba, yaani mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje. Milimita chache tu hapo zimewahi kumaliza ugomvi ambao grainda ilikuwa tayari imewashwa kuumaliza.

Kwenye ekseli ngumu, ile moja inayounganisha magurudumu mawili, angalia kama tairi linagusa upande mmoja tu. Fimbo inayoshika ekseli isihame kushoto au kulia haikurefuka gari lilipoinuliwa, hivyo imeivuta ekseli pembeni. Weka inayorekebishika, usikate bodi.

Bolti za kikomo cha usukani zinaweza kuzungushwa zijitokeze nje kidogo zaidi ili tairi lisifike mwisho. Utapoteza uwezo wa kukata kona kali. Ni biashara ya haki.

Kukata plastiki na kukunja kingo za chuma kwa nyundo sina tatizo nako, ukipaka rangi baadaye. Kukata maunti ya bodi ni kazi ya mchomeleaji anayejua kufunga bati imara, siyo ya jioni moja.

Na nakiri jambo moja: hata baada ya hesabu zote, siahidi. Matairi mawili yenye namba moja hayalingani upana, na ya matope yana meno ya pembeni ambayo namba haiyasemi. Napendelea kufunga moja na kulijaribu kabla mteja hajalipia manne. Msuguano mwepesi kwenye plastiki, usukani ukiwa mwisho kabisa, mimi huuacha. Wenzangu wengine hawaukubali. Tairi likigusa chuma au hozi ya breki, hapo hakuna mjadala.

Halafu jaribu tairi jipya mahali pa spea kabla hujauza matairi ya zamani. Likikataa kuingia, utalibeba wapi?