Tambi kavu na tambi zilizoiva: lebo ya pakiti haidanganyi

Katika kliniki ya lishe hapa Tabora, lalamiko limekuwa lilelile: "Lebo za tambi zinadanganya." Hazidanganyi. Ila kosa linalofanyika ni kubwa, na kwa baadhi ya watu ni la hatari.

Mama mmoja alikuja na daftari, kila mlo kauandika kwa peni nyekundu. Alikuwa amepima sahani ya tambi zilizoiva, gramu 250, akazidisha kwa namba ya kwenye pakiti: kilokalori 350 kwa gramu 100. Akapata 875. Akaogopa, akala nusu sahani. Mama huyu anatumia insulini, na hakuigusa dozi yake. Usiku ule sukari yake ya damu ilishuka mno, akatokwa jasho, akatetemeka, mwanawe akamkorogea sukari kwenye maji.

Ile namba ni ya tambi kavu, kama zinavyouzwa. Gramu 100 zikichemka hunywa maji mpaka zikafika gramu 220 hadi 250, na maji hayana kalori. Kwa hiyo sahani yake ilikuwa na kilokalori kama 380 tu. Wapo pia wanaokosea upande wa pili: wanachukua namba ya tambi zilizoiva, 150 hivi, wanapimia kavu. Hao wanakula zaidi ya mara mbili ya walichoandika.

Hapa Unyamwezini jambo hili halipaswi kuwa geni. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa, ya kujaza kiganja ukiichemsha inajaa bakuli, na hakuna anayesema viazi vimeongezeka. Sasa kwa nini tambi zitushinde?

Utaratibu ni huu. Pima tambi zikiwa kavu, kabla hazijaingia kwenye maji. Pakiti ya gramu 500 yenye 350 kwa gramu 100 ina kilokalori 1,750. Pima sufuria tupu, andika uzito wake. Zikiiva, zichuje, zirudishe humo, pima tena, toa uzito wa sufuria. Tuseme zimebaki gramu 1,150: gawanya 1,750 kwa 1,150, unapata kilokalori 1.52 kwa kila gramu iliyoiva. Huna mizani? Pakua tambi zote za pakiti hiyo kwenye sahani tano zilizo sawa, kila moja ina 350. Ukiona namba kama 1,460 kwenye lebo usishtuke, hiyo ni kilojuli, kipimo kingine cha nishati ileile. Tafuta iliyoandikwa kcal, yaani kilokalori.

Mafuta, sukari na tui vihesabiwe pembeni. Kijiko kikubwa cha mafuta kina kilokalori kama 120, na tambi za futari huwa na vitu hivyo vyote.

Kuhusu mizani: ya nyumbani haihitaji stika ya uhakiki. Ya dukani, kwa anayeuza tambi za kupima, lazima ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kila mwaka. Kutumia kibiashara mizani isiyohakikiwa ni kosa chini ya Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, na adhabu yake ni faini, kifungo au vyote viwili. Usalama wa chakula na lebo zake, tangu 2019, vipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Malalamiko ya lebo yapelekwe huko, pakiti ikiwa mkononi.

Anayetumia insulini asipunguze chakula wala kubadili dozi kwa hesabu alizofanya peke yake. Aje kliniki na daftari lake pamoja na pakiti tupu, tuzipitie pamoja kabla ya sindano inayofuata.