Albamu niliyoanza kuisikia kupitia ukutani

Juni 2020 makanisa hapa Kenya yalikuwa bado yamefungwa, mashindano ya muziki ya shule hayakuwepo mwaka huo, na mimi mwalimu wa kwaya nikabaki nyumbani sina wa kumfundisha. Tarehe 5 kundi la Sauti Sol la hapa Kenya likatoa albamu ya Midnight Train. Binti yangu aliipiga siku hiyo hiyo, akairudia kesho yake, mwishowe ikawa ndiyo ya kuoshea vyombo asubuhi na jioni.

Hukumu yangu ilikuwa ya haraka: muziki huu umepigwa pasi mno. Masikio yangu yamelelewa na kwaya za kanisani, ambako mtu wa besi huchelewa kidogo na soprano mmoja hupanda juu ya noti, na kwangu utamu umo katika kale kamkwaruzo. Hapa mkwaruzo haukuwepo. Tena Kiingereza kingi. Nikamwambia, "Hawa wanaimbia watu wa mbali." Akanijibu bila hata kugeuka, "Baba, wewe umesikia ukuta."

Alisema kwa mzaha, lakini kitaalamu alikuwa sahihi kabisa. Ukuta hupitisha sauti nzito na kuzuia zile nyembamba. Kutoka jikoni hadi chumbani kwangu yalifika mapigo ya ngoma na mwendo wa besi. Maneno na sauti za katikati vilibaki hukohuko kwenye masufuria. Kwa hiyo wiki mbili nzima nilikuwa najifunza besi ya albamu ambayo nadai siipendi. Siku nilipovaa hedifoni, nikiwa na nia ya kutafuta makosa, nilikuta msingi tayari ninao kichwani. Sikio halikuwa na kazi ya kuutafuta, likapata nafasi ya kuzunguka na kuona nani anaimba nini. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kufundisha besi kwanza, kisha akawaongezea wengine juu yake, anaelewa ninachosema.

Watu hupenda kueleza jambo hili kwa neno moja, mazoea. Mwaka 1968 mwanasaikolojia Robert Zajonc aliwaonyesha watu maneno yasiyo na maana na alama zinazofanana na maandishi ya Kichina, nyingine mara moja tu, nyingine hadi mara 25. Zile zilizorudiwa zaidi ndizo walizodhani zina maana nzuri zaidi. Sawa. Hiyo inaeleza kwa nini niliacha kukunja uso. Haielezi kwa nini wimbo mmoja ulinishika na mwingine ukapita.

Mimi naegemea maelezo mengine, ya kutarajia. Ukishaujua wimbo, unajua kona iko wapi, na raha huanza kabla hujafika kwenye kona. Watafiti wa Chuo Kikuu cha McGill, Montreal, Kanada, walichapisha mwaka 2011 vipimo vya ubongo vya watu waliokuwa wakisikiliza muziki unaowasisimua hadi vinyweleo kusimama. Dopamini, kemikali ya ubongo inayohusiana na raha, ilitoka mara mbili, sehemu moja ya ubongo wakati wa kungojea kile kipande, na sehemu nyingine kilipofika. Mgeni wa wimbo hawezi kungojea vizuri, maana hajui anangoja nini.

Katika albamu hii, wimbo wa Suzanna ndio ulionifundisha. Mwanzoni niliuona kama utani wa kuigiza vijana wa zamani. Baadaye nikaketi kuunakili kwa sol-fa, yaani do, re, mi, kalamu mkononi, na hapo sauti za kuitikia zikanitoa jasho: nilirudia kipande kimoja kifupi jioni nzima nikitafuta sauti ya katikati inakaa wapi. Nikakumbuka jambo nililokuwa nimelisahau kwa kiburi, kwamba watatu kati ya hawa wanne waliimba pamoja katika kundi la injili la Voices in the Light wakiwa shule ya Upper Hill, Nairobi. Ni wanakwaya, basi. Pasi ile niliyoilaumu ni mazoezi.

Brighter Days, walioimba na Soweto Gospel Choir, ulipaswa kuwa wa kwanza kunikamata, kwa kazi yangu. Ulikuwa wa mwisho. Kwenye kile kispika cha jikoni kwaya nzima ilikuwa kama uji; watu wote wamekuwa mtu mmoja. Kwenye hedifoni wakasimama kila mtu mahali pake, na nikacheka peke yangu. Insecure nao ulipanda haraka na kushuka haraka, siku hizi nauruka.

Halafu kuna Disco Matanga. Huu nimeusikiliza kuliko nyimbo zote, kwa sababu ya jina. Sisi wa Magharibi mwa Kenya tunalijua disko la matanga: usiku, vumbi, spika iliyopasuka, vijana wanacheza mpaka alfajiri huku wazee wakinung'unika kando ya moto. Sho Madjozi yumo, Black Motion wamo, wote wanamuziki wa Afrika Kusini, mdundo hauna kasoro. Kwa hesabu ya Zajonc ningekuwa nimeshaupenda zamani. Haujanikaa hadi leo, na nadhani najua kinachokosekana. Kila nikiufungua, sikio linatafuta jenereta.