Wachoraji dhahania nao huitazama dunia

Kuna dhana ya miaka mingi kwamba mchoraji dhahania, yaani yule ambaye picha zake hazionyeshi vitu kwa sura zao za kawaida, hatazami chochote: hujifungia chumbani, humwaga rangi kadiri zinavyomjia, basi. Kwa wengi wao sivyo.

Mfuatilie Piet Mondrian wa Uholanzi. Kati ya 1908 na 1912 alichora miti tena na tena. Katika picha za mwanzo mti ni mti, una shina na matawi. Kadiri unavyosonga mbele, matawi yanageuka kuwa matao, kisha mistari inayokatizana, hadi asiyejua picha zilizotangulia haoni mti kabisa. Kilichoondolewa ni sura ya nje tu; mwendo wa matawi na nafasi zilizo kati yake bado vipo. Baadaye aliifanyia bahari ya Domburg, mji wa pwani ya Uholanzi, vivyo hivyo, mawimbi yakawa vistari vifupi vya wima na vya mlalo. Hata picha yake ya miraba aliyoimaliza New York mwaka 1943 ina jina la barabara ya Broadway, pamoja na lile la muziki alioupenda, boogie-woogie.

Mchoraji Mmarekani Richard Diebenkorn naye aliuita mfululizo wa picha alioanza 1967 Ocean Park, jina la mtaa wa Santa Monica, California, ilikokuwa studio yake.

Anayenigusa zaidi ni Emily Kame Kngwarreye wa Australia. Nukta na mistari yake wengi huiona mapambo. Kumbe ni ardhi ya Alhalkere alikozaliwa: mbegu zake, na mizizi ya viazi vikuu inayotambaa chini ya udongo.