Umetoka Kwenye Bendi: Kipi Chako, Kipi cha Wote?

Malalamiko ya wanamuziki waliojitoa kwenye bendi yanazidi kuongezeka kwenye dawati letu la hakimiliki, na mengi yanafanana. Mwimbaji ameanza kazi yake binafsi, amepakia mtandaoni wimbo aliokuwa akiuimba na wenzake, na baada ya muda mfupi umeondolewa. Hoja anayokuja nayo ni moja: sauti ni yangu, kwa hiyo wimbo ni wangu.

Sivyo. Tumelieleza jambo hili kwenye semina na kwenye vipeperushi, na bado tunaulizwa kana kwamba limetungwa jana.

Ndani ya wimbo mmoja uliorekodiwa mna haki kadhaa. Upo utunzi, yaani mashairi na melodi, ambao kwa kawaida ni wa waliotunga. Ipo rekodi yenyewe, wengi huiita masta, ambayo mwenyewe anaweza kuwa lebo, prodyuza au bendi, kutegemea nani aligharamia na mkataba unasemaje. Ipo pia haki ya walioimba na kupiga ala, inayotambuliwa na mkataba wa kimataifa, Mkataba wa Roma wa 1961. Jina la bendi ni habari nyingine kabisa. Hilo huangukia zaidi kwenye sheria ya alama za biashara.

Kujitoa hakuhamishi wala hakufuti hata moja kati ya hizo. Mpiga besi aliyeondoka kwa ugomvi bado ni mpiga besi wa rekodi alizoshiriki, na pale sheria inapotoa malipo kwa wasanii rekodi zinapochezwa redioni, fungu lake linabaki palepale. Wapo wanaosusia hata hilo kwa hasira, na hapo hatuna la kuwasaidia.

Kwenye utunzi ndiko kwenye vurugu. Fomu ya mgawanyo, inayoonyesha fungu la kila mtunzi, inaletwa mwimbaji akiwa amejiandikia asilimia 50, mpiga gitaa 45 na mpiga kinanda 30. Jumla ni 125, na chini kuna sahihi mbili tu. Mfumo hauwezi kulipa asilimia 125. Wimbo unawekwa kwenye orodha ya migogoro na kwa kawaida mirabaha yake inazuiwa, ya wote, akiwemo yule ambaye hakugombana na mtu. Wahenga walishasema mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la mwanamuziki ni karatasi ya mgawanyo iliyosainiwa siku wimbo unapokamilika, wakati bado mnacheka pamoja. Aliyepanga ala si lazima awe mtunzi, lakini kama kile kipande cha gitaa ndicho melodi yenyewe, hoja yake ina uzito. Hatuwezi kutoa jibu moja kwa nyimbo zote.

Unataka kuurekodi upya wimbo wa bendi? Rekodi mpya haihitaji ruhusa ya mwenye masta ya zamani, mradi huchukui sauti yoyote kutoka humo. Inahitaji leseni ya utunzi. Ukiwa mtunzi mwenza, usidhani unaweza kujipa ruhusa peke yako: sheria za nchi hazifanani, na nyingi hutaka wenza wote wakubali. Soma pia mkataba wako wa zamani, kwa sababu mingi hukuzuia kurekodi upya nyimbo zilezile kwa miaka kadhaa, na kizuizi hicho huweza kuendelea hata baada ya wewe kuondoka.

Rekodi hiyo mpya ipewe ISRC mpya, yaani msimbo wa kimataifa wa kuitambulisha rekodi. Msimbo huu una herufi na tarakimu 12: mbili za mwanzo za kiambishi, tatu za msajili, mbili za mwaka na tano za rekodi husika. Usinakili msimbo wa rekodi ya bendi. Ukifanya hivyo, takwimu na malipo yako yanaweza kwenda kwao. Msimbo wa utunzi, ISWC, unaoanza na herufi T, haubadiliki, kwa sababu utunzi ni uleule. Na ukianza kutumia jina jipya la kisanii, liongeze kwenye uanachama wako uliopo wa chama cha hakimiliki. Usijisajili mara ya pili. Tafadhali.

Kuhusu jina, Roger Waters alijitoa kwenye bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd, mwaka 1985 akiamini bendi imekwisha. Waliobaki waliendelea na jina, mambo yakafika kwa wanasheria, na makubaliano ya 1987 yakawaachia wao jina hilo. Kujitangaza kuwa “aliyekuwa mwimbaji wa” bendi fulani mara nyingi hakuna tatizo kama ni kweli. Kuliandika jina la bendi kwa herufi kubwa kuliko lako kwenye bango ni kutafuta kesi.

Jambo jingine, na hili tumelichoka: kujitumia nakala ya wimbo kwa posta, ili muhuri wa tarehe uwe ushahidi kuwa ni wako, si usajili. Chini ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, haki huanza bila urasimu wowote. Usajili wa hiari husaidia kama ushahidi. Lakini tamko la uongo kwenye fomu linaweza kukufikisha mahakamani, kwa faini au kifungo kutegemea sheria ya nchi yako, achilia mbali madai ya fidia kutoka kwa wenzako.

Wenye mgogoro walete mkataba wa bendi, karatasi za mgawanyo na rekodi za majaribio zenye tarehe. Ujumbe wa simu mliojadiliana utunzi nao unapokelewa, mradi mazungumzo yote yaonekane, si picha ya mstari mmoja uliokatwa.