Je, wajua? Kwa nini seli haifuti alama ya DNA kama chaki ubaoni

Wanafunzi wa biokemia hapa Bukavu huuliza swali zuri: kama seli ya ini na seli ya ubongo zina DNA ileile, mbona hii ni ini na ile ni ubongo? Kwa ufupi, seli hubandika alama juu ya DNA bila kubadili mpangilio wa herufi zake za kikemia. Alama inayojulikana zaidi ni methili, kaboni moja yenye haidrojeni tatu, inayobandikwa kwenye herufi C, yaani sitosini. Ikikaa mlangoni mwa jeni, mara nyingi jeni hiyo hunyamaza. Elimu ya alama hizi ndiyo epijenetiki.

Sasa, alama hiyo hutokaje? Kwa miaka mingi nilijibu kwamba kipo kimeng'enya, yaani protini inayofanikisha kazi za kikemia ndani ya seli, kinachoifuta, kama mwalimu anavyofuta chaki. Nilikosea, na kosa hili ningali nalisikia kwa watu waliosoma vizuri. Chaki imeukalia ubao tu. Methili imeshikana na sitosini kaboni kwa kaboni, na kifungo cha namna hiyo ni kigumu sana kukikata. Kwa wanyama hakijathibitishwa kimeng'enya cha kuinyofoa methili hiyo mara moja na kuiacha sitosini ikiwa safi.

Wengine, wakilijua hilo, hukimbilia kosa la pili: basi alama haitoki, hupungua tu seli inapogawanyika na nakala mpya kukosa kubandikwa. Njia hiyo ipo kweli, lakini haitoshi. Yai la panya likishatungishwa, methili kwenye DNA iliyotoka kwa baba hufifia ndani ya saa chache, kabla seli haijagawanyika hata mara moja.

Tazama mabati ya nyumba za Kadutu, mtaa wetu wa hapa Bukavu, kule mlimani. Bati jipya lililopigiliwa vizuri halivutiki kwa mkono. Utapasua mbao bure. Mvua ikilinyeshea miaka, kutu huanza kama doa, doa linakuwa ukoko, ukoko unakula pale msumari uliposhika. Hapo fundi akipanda hasugui kitu. Hulitoa bati zima lililolegea na kupigilia jingine mahali pake.

Seli nayo huishikisha methili kutu, kwa makusudi. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya vitatu: TET1, TET2 na TET3. Moyoni mwake kila kimoja kina chembe ya chuma, na kwa msaada wa molekuli ndogo iitwayo 2-oksoglutarati huchukua oksijeni ileile tunayoivuta na kuipachika kwenye methili. Mara ya kwanza methili inakuwa hidroksimethili. Mara ya pili, formili. Mara ya tatu, kaboksili. Fundi wetu ni kimeng'enya kingine, TDG. Akikuta methili au hidroksimethili, hupita. Akikuta formili au kaboksili, herufi yenyewe imelegea kwenye sukari inayoibeba katika uzi wa DNA, naye huing'oa yote. Linabaki pengo, kisha vimeng'enya vya ukarabati huweka C mpya isiyo na alama. Kwa hiyo kilichotoka si alama peke yake: ni sitosini nzima iliyoibeba.

Mimea haina TET. Yenyewe ina mafundi wanaoing'oa sitosini ikiwa bado na methili yake, bila kusubiri kutu.

Tena si kila kutu huishia kwa fundi. Katika seli za neva za ubongo hidroksimethili ni nyingi, na hukaa. Huenda ni alama yenye ujumbe wake. Wataalamu bado wanabishana kuhusu ujumbe huo.

Jeni ya TET2 ikiharibika, seli za damu huweza kuelekea saratani. Vitamini C huvichangamsha vimeng'enya hivi katika seli za maabara na katika panya, ila hiyo haifanyi machungwa kuwa dawa ya saratani, na nasisitiza hilo kwa sababu habari za aina hiyo huenea upesi.

Kinachonishangaza kuliko vyote ni jinsi TET zilivyogunduliwa. Kimelea cha malale, kinacholetwa na mbung'o na kilichowatesa Wakongo vizazi vingi, kina protini mbili, JBP1 na JBP2, zinazopachika oksijeni kwenye herufi T ya DNA yake. Timu ya Anjana Rao huko Marekani ilifuata mfanano wa protini hizo hadi kwa binadamu, na mwaka 2009 ikaonyesha kwamba TET1 huigeuza methili kuwa hidroksimethili. Binamu wa JBP walikuwa ndani ya seli zetu muda wote huo.